Nyota Nne za Mchana

Maji hayapigi hodi.
Yanaingia kama mpangaji asiye na mkataba:
asubuhi unafungua stoo ya mbele ya boti
unamkuta kajilaza juu ya majaketi ya kuokolea,
kalowesha kiberiti, leseni, mkate,
na ile bahasha ya risiti za mashine
niliyoapa haitaguswa.

Mwezi mzima nimeyafukuza kwa kopo.
Huku Achafalaya mvua hainyeshi, inahamia,
inakuja na virago vyake vyote.

Shemeji Alcide akafika na bunduki yake ya silikoni,
mtu anayeiamini silikoni kuliko misa ya Jumapili.
Akapaka bawaba, akapaka kona, akapaka kona za kona,
akaziba hata kitundu cha mfereji
ambacho kazi yake duniani ni kutoa maji.
Usiku ikanyesha.
Asubuhi nikakuta bwawa, na chura mmoja ndani,
ametulia, kama aliyelipa kodi.

Nikaibandua kazi ya Alcide kwa kisu cha kuchunia kambare.
Nikazibua mfereji: majani membamba ya misipresi,
ndoano yenye kutu, maganda ya karanga.
Nikang'oa mpira wa mfuniko, ulishalala bapa
kama godoro la hospitali. Nikatia mpya.
Kisha chaki: unapaka ukingoni, unafunga, unafungua,
mstari mweupe unahamia kwenye mpira,
na pale ulipokatika ndipo mlango unaposema uongo.

Haukukatika. Mweupe, mzima, pande zote.

Ikanyesha tena.
Vikombe viwili. Nilivipima.

"Niingie mimi," akasema Rémi, ana miaka tisa
na bado anakunjika.
Akajikunja humo kwenye harufu ya kamba na chambo,
nikafunga mfuniko juu ya mwanangu
na moyo ukagonga mara moja, kwa nguvu.
Alcide kashika bomba la maji, anangoja amri.
"Unaona nini?"
Kimya.
"Rémi! Unaona nini?"
"Nyota," ikatoka sauti ya ndani ya bati.
"Ziko nne. Zimekaa kama pembe za bahasha."

Nikajua kabla hajamaliza.

Pale palikuwa na kibao cha shaba, ODALIE,
herufi za kuchonga, skrubu nne.
Théogène alikipigilia mwaka tuliooana.
Mwaka alioondoka kwenda Biloxi
na mhasibu wa kiwanda cha barafu,
nilikichomoa usiku, tochi mdomoni,
nikakitupa pale maji yalipo na kina,
nikapitisha rangi ya kijani juu ya matundu, mkono mmoja tu,
nikasema yamekwisha.
Rangi ikatanda kama utando wa maziwa.
Jua likaja kuupasua, taratibu, halina haraka.

Na mimi nilikuwa nimeilaumu mvua.
Nimemlaumu aliyetengeneza bawaba.
Nimemlaumu Alcide, Mungu anisamehe, mpaka chura.

Alcide akatazama kando, kwenye miti.
"Ninazo za chuma cha pua," akasema. "Urefu huu huu."

Rémi hakutaka kutoka.
Alitaka azione zikizimika, moja moja,
akawa anahesabu kwa sauti kutoka gizani:
tatu. Mbili. Moja.
Kisha, "Mama, fungua."

Skrubu nne, kila moja na tone la silikoni shingoni
(hilo shemeji alistahili).
Vichwa vinang'aa juu ya mfuniko mtupu.
Atakayeuliza zimeshikilia nini
nitamwambia: zimeshikilia mvua.

Jana imenyesha tangu saa nne hadi alfajiri.
Nimefungua. Mkate mkavu.
Kiberiti kimewaka kwa njiti ya kwanza.
Kona ya kushoto, maji kiasi cha kijiko kimoja,
sijui yamepitia wapi.
Nimeyafuta kwa kiganja,
tukaenda kutega.