Swali la Kumi na Moja

Fomu ina kurasa tisa.
Wakala, Bwana Urmas, kaziweka bei mbili mezani
kama mtu anayegawa karata,
na katikati yake kisahani cha biskuti za mdalasini
ambacho hakuna anayekigusa.

Bima ya dhima ya kitaalamu:
jina refu kwa jambo fupi,
umekosea.

"Hii nafuu," asema, "inakukinga kuanzia leo.
Utakachokosea kesho, tupo.
Hii nyingine inarudi nyuma
hadi siku ulipogonga muhuri wako wa kwanza."
Nauliza tofauti. Anaitaja polepole.
Ni kodi ya ofisi ya miezi mitano.
Ni mshahara wa Kaspar, kijana wa michoro,
ambaye hajui kuwa asubuhi hii yumo kwenye hesabu.

Miaka ishirini na miwili nimebeba majengo ya watu kichwani.
Chekechea kule Elva. Ghala la viazi.
Paa la bwawa la kuogelea, ambalo hadi leo
theluji ikianguka usiku naamka
nalipimia uzito gizani, kilo kwa kila mita,
kama mama anayehesabu pumzi za mtoto mwenye homa.
Heino, mwenzangu, alikuwa akicheka, kalamu sikioni:
bima ni ya wasiojua kuzidisha.

Najaza. Jina: Maarika Lepik.
Kazi: mhandisi wa miundo.
Hasara nitakayoibeba mwenyewe
kabla wao hawajatia mkono mfukoni:
naandika elfu tano, nafuta, naandika elfu mbili.

Kisha swali la kumi na moja.
Je, unafahamu jambo lolote
linaloweza siku moja kuzaa dai?

Limeandikwa kwa herufi zilezile ndogo,
limeketi kati ya anwani na namba ya benki
kama mgeni aliyefika mapema akaambiwa asubiri.

Nafahamu roshani.
Ng'ambo ya mto, ghorofa ya nne,
mwaka ule Heino alipolazwa
nami nikamalizia hesabu zake kando ya kitanda,
daftari gotini, mashine zikilia.
Nondo za juu, alisema, milimita kumi na mbili.
Au alisema kumi.
Mdomo ulikuwa mkavu, nilikuwa nikimshikia kikombe.
Niliandika kumi.
Tulimzika Ijumaa. Zege lilimwagwa Jumatatu.

"Wengi huandika hapana," asema Urmas
akitazama dirishani, kwa upole
wa mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

Naiona njia ilivyo nyepesi:
bei ghali, neno hapana, saini,
na miaka yote iliyopita inaingia chini ya mwavuli,
roshani ikiwamo, na siri yake ndani ya saruji.
Lakini mwavuli ulioshonwa kwa uongo,
siku ya mvua ndipo watakapoukagua uzi.
Na hata wasiukague:
fedha hulipa ukuta, hulipa wakili,
hulipa mguu kwa bei ya mguu.
Hakuna ukurasa, kati ya hizi tisa,
unaolipa ule usingizi.

Naomba siku mbili. Ananipa na biskuti moja, kwenye kitambaa cha karatasi.

Navuka daraja. Mto haujaganda wote.
Roshani ipo, imesimama,
miaka kumi na minne imesimama,
na mwenyewe amepanga juu yake
baiskeli, gunia la makaa ya kuchomea nyama, 
chungu tatu za maua yaliyokufa.
Theluji, sentimita thelathini, ya jana, nzito.
Mwanamke anatoka na zulia, analikung'uta
kwa nguvu zote za mwili wake.
Nimeshaanza kujumlisha.

Chini, kwenye mlango,
kengele zina majina kumi na mawili.
Au kumi.
Navua glovu. Nayahesabu upya,
safari hii kwa kidole.