Mkono Mtupu

Jina lako, Muru, kwa kwetu ni chembe ya mkate,
na ndilo neno ambalo mume humwitia mkewe
asubuhi akiamka na furaha.
Nilikupa kabla sijajua
chembe ingekuja kunidai nini.

Unakula kama aliyefunga mwaka.
Umekula sabuni. Umekula tiketi ya treni ya Seinäjoki,
ya kwenda na kurudi, na risiti yake.
Siku ya matanga ya shangazi Hilja
ulikula mkate wa samaki mzima,
tukakukuta umelala chali chini ya meza, tumbo ngoma,
huna haya wala majuto.

Kaka yangu Ensio, mwindaji, hucheka hadi kofia imwanguke:
"Huyo kaumbwa afuate sungura msituni,
abweke hadi miti imwage theluji.
Wewe wamfunza kutembea kama karani wa benki!"
Simjibu. Nakatakata ini.

Kila Jumapili nalikausha kwenye oveni,
vipande vidogo kama ukucha wa mtoto,
mpaka ngazi yote ya ghorofa inuke
na jirani Kyllikki afungue dirisha makusudi,
nje nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Koti langu nimelifua mara tatu.
Pua yako haiamini.

Mwezi wa kwanza ini lilikuwa mbele ya pua,
ukanifuata kama uzi na sindano.
Mwezi wa tatu likahamia mfukoni.
Wa sita likakaa juu ya kabati la viatu,
nawe ukajifunza kuliacha ili ulipate,
hesabu ambayo mimi mwenyewe sijaiweza.

Lakini nje! Nje theluji ni gazeti,
nawe msomaji asiyeruka hata tangazo la kifo.
Hapa alipita sungura usiku wa manane, akichechemea.
Hapa mbweha alisita, akageuka.
Nakuita: masikio hayapo, yameshukia puani.
Siku moja nilikunyooshea ini. Hukulitazama.
Nikasimama na mkono mbele kama ombaomba
ndipo nikaelewa:
tumbo lako ni duka tu,
pua ndiyo nyumba.

Tangu hapo nakulipa kwa nchi.
Hatua kumi kando ya goti langu, macho juu, bega sawa,
kisha nasema, "Nusa,"
na unaupata ulimwengu wako, dakika nzima.

Leo ni mashindano,
ndani ya ghala la zamani la viazi, Kauhava.
Uwanjani chakula hakiruhusiwi.
Nimeipindua mifuko yangu mbele ya msimamizi.
Jaji Saarikko, miwani kwenye kamba,
ameshika kalamu kama sindano ya daktari.
Wahenga walinena: mkono mtupu haulambwi.
Wangu ni mtupu, tena unatetemeka.

Kutembea kando: tisa.
Kulala dakika mbili: ulilala, ingawa kidevu
kilisafiri kidogo kidogo kuelekea viatu vya jaji. Nane.
Kuitwa: nikaita, "Muru!"
ukaja mbio, masikio yakipiga makofi,
na katikati ya zulia la mpira
ukafunga breki.

Chembe ya andazi la iliki.
La mtoto wa nani, la jana, la juzi, nani ajuaye.
Wenye mbwa wa kuchunga kondoo
wakatazama vidole vyao kwa adabu.
Pua kwenye iliki. Jicho kwangu.
Pua.
Jicho.
Kuita mara ya pili kunakata alama. Nikameza ulimi.

Ukaja.
Polepole, kama mtu anayerudisha pochi aliyoiokota,
ukaketi mbele yangu, upande upande,
uzi wa mate ukining'inia.

"Tano," alisema jaji.
Utepe hatukupata. Ensio atacheka hadi Pasaka.

Nilipoinama ukaulamba mkono wangu,
kiganja chote, mpaka kwenye saa.
Nusu yangu yasema ni mapenzi.
Nusu inajua ini la jana halitoki kwa sabuni.

Watu walipokuwa wakikunja kamba za uwanja
nilikurudisha katikati, nikasema, "Nusa."
Hukuhitaji kutafuta.