Chini ya Chokaa

Fomu ya Nairobi ina kisanduku: Kazi ya mwombaji.
Nimeandika fundi, nikafuta.
Nimeandika msanii, nikafuta.
Karatasi imetoboka pale, tundu la punje ya mtama,
na kwa tundu hilo naliona goti langu
lililoganda chokaa tangu asubuhi.

Maana kazi yenyewe ni kukwangua.
Nyumba ya Mkomani, ghorofa mbili, daka na baraza zake,
ilikuwa yetu hadi figo za baba zilipoanza kula pesa.
Sasa nalipwa elfu mbili kwa siku
niingie kwa mlango niliotolewa nao nikiwa na siku arubaini,
nivue viatu kizingitini
kwa heshima ya mwenye nyumba
asiyevua vyake.

Nina kisu cha jikoni kilichokatika ncha,
brashi ya kunyolea ndevu,
leso ya mama nimejifunga puani.
Rangi zabanduka moja moja:
nyeupe ya mwaka wa kuuza,
buluu ya arusi ya dada Swabra,
kijani kilichosazwa msikitini, tukapewa ndoo nusu,
kisha manjano moja iliyofifia
asiyeikumbuka mtu ila mimi
kwa kuwa niliionja.
Nilikuwa mla kuta. Mama alinipaka pilipili vidoleni,
nikala kuta na pilipili.

Magamba nayatia mfukoni. Usiku, Langoni,
nayabandika kwa gundi ya seremala
juu ya mbao za masanduku ya chai,
nikitafuta nyuso. Ya kwanza ilikuwa ya Bi Rukiya wa mahamri.
Alikuja, akasimama, mikono ina unga.
"Huyu ndiye mimi? Mbona nimebabuka hivi?"
Akacheka. Akarudi toka mlangoni
akaniomba nimpunguzie pua.
Sikuipunguza. Tangu hapo hamri zangu
ni zile za mwisho wa karai.

Jumatano, msana wa juu, safu ya zidaka,
chini ya kidaka cha tatu, kisu kikateleza
na mkaa ukanitazama.
Punda.
Miguu mitano.

Nilikuwa na miaka sita na kipande cha kaa la jikoni.
Mama alinijia na kofi limeshainuliwa,
kofi likasimama hewani, mato yakahesabu.
"Na huu wa tano ni wa nini, we?"
"Wa kuipumzisha hiyo mingine."
Alikaa chini, alicheka mpaka ushungi ukamvuka.
Kisha, kabla baba hajarudi kutoka sokoni,
akakoroga chokaa, akampaka punda yule
taratibu, kuanzia miguuni,
kama amfunikaye mtoto shuka.

Mama hayupo. Alama ya vidole vyake ipo,
mitatu, kwenye chokaa iliyoshika shingo ya punda.
Niliweka vyangu juu yake.
Vyangu vimekuwa vinene.

Mwenye nyumba akapanda ngazi na kikombe cha kahawa.
Ukuta huu, akasema, u mtupu mno.
Anataka kitu cha hapa hapa, chenye roho ya mahali.
Je, namjua msanii yeyote?
Nilikuwa nimesimama mbele ya punda, mgongo umemficha.
Nikasema nitauliza.

Alipoteremka nikakoroga chokaa yangu
na maji mengi kuliko inavyotakiwa.
Mikono miwili tu, myembamba.
Kofia ya hila? Sijui. Ndivyo nilivyofunzwa nyumba ile ile:
kuficha si kufuta.

Fomu nimeituma na tundu lake.

Na kuta za Amu hunywa chumvi.
Masika mawili, pengine matatu,
kwanza itatokea kwato, ile isiyo na kazi,
kisha sikio, kisha tumbo.
Atadhani ni unyevu.
Atamtafuta fundi.
Nambari yangu anayo.