Kifungo

Hati ya mashtaka ina mhuri wa kituo, na jina la mdogo wangu
wamelikosea herufi moja: Musembi, wakaandika Musebi.
Nikajiambia, basi siye.
Wambaki nalo hilo jina lao, wanirudishie wangu.

Asubuhi ile, mahakama ya Makadara,
karani alisoma kama mtu anayekimbizwa na mvua:
*kwa pamoja na wengine wasio mbele ya mahakama hii,
wakiwa na silaha hatari, yaani rungu…*
Rungu! Huyu ambaye bisibisi yake ni ndogo kuliko kidole,
ambaye hufungua simu huku amezuia pumzi.

"Umeelewa mashtaka?"
Akainamisha kichwa. Hajaelewa, ana adabu tu.
"Ni kweli au si kweli?"
Akanitafuta kwa macho kwenye mabenchi.
Simu ilipatikana kwake, kweli. Aliinunua, kweli.
Kweli hizo zilimjaa kinywani, nusura zimmalize.
"Si kweli," akasema,
sauti kama sindano iangukapo sakafuni.

Langoni, mwanamume wa tai nyekundu:
"Mama, elfu kumi tu, faili itapotea."
Kadi yake haikuwa na ofisi,
ila namba tatu za simu, mbili zimekatwa kwa kalamu.
Mkono wangu ulishafika kwenye fundo la leso, penye pesa za chama,
nikasikia mwuza maandazi akisema, bila hata kunitazama:
"Mimi pia niliambiwa faili itapotea.
Kilichopotea ni elfu kumi."

Wakili Kwamboka yuko ghorofa ya nne, lifti imekufa.
Kiti chake cha wageni kimeshonwa vibaya, akaniona nikikikagua.
"Sikuuzii ushindi," akasema. "Nauza kazi, na risiti utapewa.
Lete hiyo karatasi."

Akaisoma mara mbili, polepole, kidole mstarini.
"Hapa yapo mawili.
La kwanza, wizi wa mabavu. Adhabu yake
usiitamke mbele ya mama yenu.
Hili la chini ni mbadala: kupatikana na mali ya wizi.
La kwanza likichanika, watashika la pili."
"Kama bitana," nikasema.
Akanyanyua macho. "Ndiyo. Kama bitana."

Kisha maswali, moja juu ya jingine:
Kituoni aliandikisha maelezo? Alitia sahihi?
Nani alimwona akinunua? Kwa bei gani?
Bei ya duka, au bei ya kichochoro?
"Kuwa nayo ni jambo moja,
kujua kwamba imeibwa ni jingine.
Kati ya hayo mawili pana mwanya, na mimi nitasimama hapo.
Ila nikisimama mikono mitupu, nitaanguka. Daftari lake la kazi liko wapi?"

Lilikuwa chini ya godoro, Umoja, limekunjamana kama shati la jana:
tarehe, aina ya simu, jina la muuzaji,
na mwandiko wa Musembi, ule wa kulalia kushoto
uliokuwa ukimpa viboko shuleni.

Elfu sitini, kwa awamu nne.
Cherehani nimebaki nayo, ovaloki imekwenda.
Sare za wanafunzi sasa nazipinda kwa mkono,
na wazazi wanalalamika, na wana haki.

Usiku huu nanyoosha shati lake la kesho.
Kifungo cha tatu kimeng'oka.
Nimekaa nacho kiganjani muda mrefu.
Ni uvivu gani huu wa lugha yetu,
kutia vitu viwili hivi katika neno moja,
kile cha shati, na kile cha miaka?
Nimepitisha uzi mara nne, fundo, nikakata kwa jino.

Simu imetetemeka mezani. Wakili:
*Kosa la jina watalirekebisha, usilitegemee.
Shahidi wa kwanza saa tatu.
Usisahau daftari.*