Ipua, Kisha Keti

Fomu niliichapa mwenyewe, kwa kompyuta ya shule,
Jumamosi ile umeme uliporudi saa nane:
Jina la chakula. Mahitaji. Muda. Kinatosha watu wangapi.
Kitabu tukiuze elfu kumi, tuezeke
nyumba ya wajawazito kusubiria siku zao,
wasilale tena kwenye benchi la zahanati ya Handali
wakihesabu uchungu kwa saa ya mlinzi.

Fomu zilirudi zinanuka moshi.
Nyingine hazikuwa fomu. Mchicha pori wa kukaanga
umeandikwa nyuma ya mtihani wa hesabu,
swali la nne limepigwa mkasi kwa wino mwekundu.
Mama Sechelela, penye Muda, ameweka:
mpaka shemeji aache kuchungulia.
Mzee Msagala, mwanamume pekee aliyeleta,
nyama ya kuchoma. Mahitaji: mbuzi.

Bibi Mbeho nilimwandikia mimi.
Nikauliza magadi kiasi gani,
akanitazama kama niliyeuliza mvua ina kilo ngapi.
Kinatosha watu wangapi, bibi?
Waliopo.
Tunahitaji namba.
Basi andika waliopo, na mmoja anayepita njiani.

Mwalimu Chiduo, mwenyekiti wa kamati, hakucheka.
Wanunuzi wako mjini, alisema, watapikaje kwa waliopo?
Ndipo nikazunguka kaya kwa kaya
na kijiko cha plastiki cha dawa ya watoto,
nikizuia mikono angani kabla haijafika sufuriani:
ngoja mama, fungua vidole, nipime.
Wengine, wakipimwa, walisahau kupika.

Ukabaki ukurasa wangu.
Mlenda wa mama, nikaandika haraka, huo naujua.
Mlenda mkavu uliotwangwa, konzi mbili.
Magadi, ncha ya kijiko. Kipekecho,
kiviringishwe viganjani mpaka povu lipande.
Halafu karanga.
Halafu?
Kalamu ikasimama hapo kama punda kwenye daraja.
Maana kila alipofikia karanga, miaka yote ile,
mama alinituma maji.
Nenda kisimani, mwanangu, upesi,
na ndoo ya ndani ilikuwa imejaa.
Niliporudi, chakula kilikuwa tayari,
kinateleza bila kuvuta nyuzi,
nami sikuuliza. Nani anauliza akiwa na njaa?

Nimejaribu mara tano. Mara tano
umevutika kutoka bakulini hadi kidevuni.
Mume wangu amekula akinyamaza, Mungu ambariki.

Jioni ya siku ya mwisho akabisha hodi Mama Ndahani,
jirani ambaye mama hakusalimiana naye miaka kumi na mmoja
kwa ajili ya mbuzi na kitenge kilichokuwa kambani.
Hakuketi. Alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu.
Nasikia umekwama kwenye karanga.
Alikuwa anaipua kwanza, akasema.
Sufuria chini, mchangani, itulie. Ndipo karanga.
Umejuaje?
Ua wa mabua ya uwele, mwanangu, hauzibi macho.

Akageuka aende, akarudi hatua moja.
Na pale chini, penye sufuria, alikuwa anakaa.
Ananyoosha miguu, anafumba macho.
Tangu alfajiri hajakaa, mpaka hapo.
Nami nilikuwa nasimama kwangu, nimeshika ufagio,
nasubiri ainuke ndipo niendelee kufagia.

Nilimkaribisha chai. Alikataa,
kisha akanywa, amesimama vilevile.

Ukurasa wa thelathini na mbili, basi, una majina mawili:
umepikwa na mmoja, umeonwa na mwingine.
Penye Muda nimeandika: ipua, kisha keti.
Mwalimu Chiduo ameurudisha, amezungushia duara:
Keti dakika ngapi?
Kesho tunapeleka kwa mchapaji.
Bado sijamjibu.