Kutoa Upepo

Alfajiri pedali ya klachi ilizama,
haikurudi.
Niliinyanyua kwa ncha ya buti, kama anayeamsha mlevi,
nikakanyaga tena: ulaini ule ule,
mkate uliolowa maziwa.
Gia ya nyuma ikasaga meno. Nikazima.
Hapa Ashotsk theluji haiji, inahamia,
na nyuma ya Niva madebe manne ya jibini
yalikuwa yakingoja soko la Gyumri.

Baba alinifunza: usiilaumu pleti
kabla hujayahoji mafuta.
Nikaipiga pedali haraka haraka, mbili, tatu, nne;
ya tano ikashika, gia ikaingia,
kisha ikanyong'onyea mguuni.
Basi si pleti. Pleti ikiisha huteleza,
injini hulia, gari halisogei.
Hii yangu haikuteleza.
Ilikataa kuachia.

Nikafungua boneti: kikombe kimeshuka chini ya mstari.
Nikapapasa chini ya zulia, penye fimbo ya pedali:
pakavu. Silinda kuu haijakamatwa bado.
Usiku nikatandika kadibodi chini ya giaboksi;
asubuhi, doa, upana wa sarafu,
jepesi, lenye utelezi, la mafuta yale yanayokula rangi.
Nikalala chali thelujini,
nikafunua kifuniko cha mpira cha silinda ndogo.
Ikanikojolea kiganjani.

Sili mpya, kwa Mushegh wa spea, haifiki bei ya mkate.
Lakini baba alipokufa tuligawana:
mimi gari, kaka yangu Varazdat sanduku la spana.
Gari bila spana, spana bila gari,
na katikati ya ua ukuta wa mawe
uliopanda safu moja kila mwaka.
Sasa una safu sita.

Sili nikaibadilisha kwa koleo na matusi.
Ila upepo ukishaingia kwenye bomba
hautoki kwa hasira ya mtu mmoja.
Mafuta ukiyasukuma, husukuma.
Upepo ukiusukuma hujikunja,
hukuitikia ndiyo, ndiyo,
na kule mwisho hakuna kilichosogea.
(Ndivyo tulivyosalimiana, kupitia watoto.)
Mmoja akanyage, mmoja afungue nati.
Mguu mmoja hautoi upepo.

Nikamwita binti yake, Astghik, juu ya ukuta:
mwambie baba yako naomba spana namba nane.
Akaja nayo mwenyewe. Hakusalimu.
Akalala pale nilipolala,
ndani ya umbo langu lililobaki thelujini.

"Kanyaga."
Nimekanyaga.
"Shikilia."
Nimeshikilia.
Fyuu, chupani, povu tupu.
"Achia."

Na sharti ujibu. Ukiachia kabla hajafunga,
bomba linavuta upepo upya
na kazi yote ni bure.
"Kanyaga." Nimekanyaga! "Sauti!" NIMEKANYAGA!
Jirani akafungua dirisha.
Kufikia mara ya kumi nilisahau kikombe,
kikakauka, kikanywa hewa,
naye kutoka chini akaporomosha tusi la baba,
lile la punda na kasisi,
kwa pumzi ile ile, kikohozi kile kile mwishoni.
Nilishika usukani kwa mikono miwili.
Nikajaza mafuta. Tukaanza moja.

Sikuhesabu tena. Povu likawa vipovu,
vipovu vikawa uzi mmoja mnyoofu,
na pedali ikapanda kunilaki, juu kabisa, ngumu.
Gia ya nyuma ikaingia kimya.
Varazdat alisimama penye ukuta akinielekeza kwa mkono,
kulia, kulia, basi,
magoti yake yamelowa.

Spana imebaki kwenye dashibodi.
Sijui kama aliisahau.
Nimeuza jibini yote, na njiani kurudi,
kwenye mteremko ambao gari lilisimama vizuri tu,
nimeanza kuhisi kwamba breki nazo
huenda zina upepo.