Mota ya Ng'ombe

Ilikufa Jumanne, katikati ya ubao,
ubao wa msonobari, zimebaki sentimita arobaini.
Haikupiga kelele. Iliguna tu
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wageni,
kisha ukaja moshi mwembamba
wenye harufu ya kitunguu kilichosahauliwa jikoni,
na meno ya msumeno yakabaki yameuma,
hayaendi, hayarudi.

Fundi wa Kajaani alikuja na buti safi.
Akafungua kifuniko, akanusa, akafunga.
"Koili zimeungua zote, Irja.
Mota mpya ni bei ya msumeno mwingine.
Uza chuma kwa kilo."
Nikamlipa pesa ya petroli, na kahawa vikombe viwili.

Chuma kwa kilo!
Meza hii Baba aliivusha juu ya ziwa mwezi wa Machi,
kwa sleji na farasi wa kuazima,
barafu ikilia chini yao hatua kwa hatua.
Kwenye kona yake pana kibonde kidogo
palipokaa kidole gumba cha Taavetti miaka arobaini;
hapo kutu haijathubutu.
Gumba la mkono wa pili, msumeno ulikula nusu.
Hakuudai.

Usiku ule baridi ilikaza hata misumari ikapasuka sauti ukutani.
Nikashika taa, nikaenda zizini.
Hakuna ng'ombe tangu tuuze wa mwisho,
ila majina yao yangalipo, chaki juu ya vibao:
Heluna. Omena. Mansikki, aliyepiga teke ndoo.
Na pembeni, chini ya gunia,
mota ya pampu ya kukamulia.
Nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka
laini, kama haijui kwamba kazi iliisha.

Kufa kufaana.

Bolti nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilitaka mafuta, ikataka moto,
mwishowe ikataka tusi la Baba, nalo nilirithi kamili.
Matundu ya miguu hayakulingana na meza,
nikakata bamba kutoka jembe la theluji lililovunjika,
nikalitoboa, nikakosea, nikalitoboa tena.
Mkanda niliuvua kwenye mashine ya kuvunia
ya shangazi asiyevuna.

Nikabonyeza swichi.
Msumeno ukazunguka, ndiyo,
lakini kinyumenyume!
Meno yote yakikimbia huku yametazama yalikotoka.
Nikacheka peke yangu, mvuke ukinitoka kinywani.
Kisha nikafungua kisanduku cha umeme,
na ndani ya kifuniko, kwa penseli ya seremala:
*Ikirudi nyuma, badilisha waya mbili.
Zozote mbili. Usimwite fundi.*

Nikabadilisha.

Sasa sikilizeni, maana hili sikulitarajia.
Mota ilipokaza mwendo, sauti iliyotoka
haikuwa ya karakana.
Ilikuwa ya saa kumi na moja alfajiri,
mimi na miaka tisa, soksi zimelowa,
naichukia hiyo ngurumo kupitia ukuta wa mbao
kwa sababu ilimaanisha amka, Irja, ndoo,
amka, kabla ya shule, amka.
Nilikuwa nimeapa siku ile ikinyamaza
sitaitafuta.

Mlango ukafunguka. Jirani yangu Oiva,
koti juu ya nguo za kulalia, kofia mkononi.
Alisimama muda mrefu akiruhusu baridi iingie.
"Nilidhani," akasema, "ng'ombe wamerudi."
Nikamwambia afunge mlango.
Akaufunga, akabaki upande wa ndani.

Ubao ulikuwa bado mezani, na ufa wake wa Jumanne.
Nikausukuma taratibu, gumba langu kwenye kibonde,
unga wa mbao ukaanza kumwagika, mweupe, wa vuguvugu,
juu ya buti za Oiva, naye hakusogea.
Sentimita arobaini. Zikaisha.

Mkanda unateleza kidogo bado.
Kesho nitaukaza,
au nitauacha hivyo hivyo.